Naomba ushauri: nyumba ya kisasa mlimani Luchelele, ramani itokane na mji wa Kisukuma

Mlimani: Wakuu, habari za muda huu. Nina kiwanja Luchelele hapa Mwanza, mteremko unaangalia ziwa upande wa magharibi, nusu yake mawe makubwa. Kila fundi ananiambia nipasue mawe, nisawazishe, niweke paa la kuficha, lile lisiloonekana nyuma ya ukuta. Moyo wangu haupo huko. Nimekulia Magu, kwenye mji wa familia wenye msonge (nyumba ya duara), kihenge (ghala la nafaka), zizi na ua wa minyaa. Nataka vyumba vitatu vya kisasa, ila mtu akiiona ajue yupo Usukumani. Nianzie wapi? Paa la nyasi linafaa?

Fundi wa Mawe: Mkuu, usipasue. Ukikata mteremko utalazimika kujenga ukuta wa kuzuia udongo, na pesa itaishia hapo. Mwamba mzima ndio msingi wako: tunatoboa, tunachomeka nondo, tunainua nguzo, jamvi la zege la sakafu linakaa juu, maji ya mvua yanapita chini. Ila chimba pembeni ya kila jiwe uhakikishe halijakaa tu juu ya udongo.

Mama Kihenge: Fundi kasema kweli, na kihenge ndivyo kilivyo. Kinakaa juu ya mawe, upepo unapita chini, unyevu haupandi kwenye mtama, na paa linashuka kufunika ukuta wa udongo usilowe. Hilo ndilo la kuchukua. Duara la msonge liache: kabati halikai ukutani, na bati lake ni kukatakata tu. Chukua mpangilio wa mji, yaani majengo madogo mawili matatu kuzunguka ua, kila moja likifuata mteremko, baraza likiyaunganisha. Kabla ya kumwona mchoraji nenda makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, ubebe na futi.

Kanda ya Ziwa: Nyasi hapana, kwa radi zetu hizi. Weka bati lenye mwinuko. Ziwa likiwa magharibi, jua la saa kumi litaingia sebuleni pamoja na mng'ao wa maji. Upande huo weka baraza pana. Madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini.

Fundi wa Mawe: Naongezea: paa likizidi ukuta sana, upepo wa mlimani unalinyanyua. Kenchi, yaani mbao za kubeba paa, zifungwe na nondo zinazotoka kwenye mkanda wa zege juu ya ukuta, misumari peke yake haitoshi. Na minyaa, kama kuna watoto, pandeni mbali na nyumba. Utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari.

Mlimani: Asanteni sana, nimefurahi mno. Na shimo la maji taka kwenye mwamba tunafanyaje?

Fundi wa Mawe: Hapo ndipo pa kuanzia, mkuu. Tafuta kwanza sehemu yenye udongo wa kina, chini ya mteremko, shimo likae huko. Jengo lenye bafu na jiko liwe upande wa juu wa mteremko kuliko shimo, bomba lishuke lenyewe. Mengine yote yapangwe baada ya hapo.