Nataka sidani ya Kijapani iliyotulia ila ukiikanyaga inaenda: Crown, Fuga au Mark X?

Mwana_Ilazo
Mbukwenyi wakuu. Naombeni ushauri kabla sijatuma hela Japani. Nakaa Ilazo hapa Dodoma, kazi mji wa serikali Mtumba, na kila baada ya wiki mbili nashuka Dar kwa familia (mtakaosema nipande SGR nimeshapanda, iko poa, ila nikifika kule nahitaji gari). Sasa hivi nina IST, imenivumilia sana, ila pale Gairo ukikuta semi tatu zimefuatana unatoka kuovateki, unakanyaga mpaka chini, injini inalia gari iko palepale, unarudi nyuma ya moshi kimyakimya.

Nataka sidani ya heshima, ndani patulivu, na moto uwepo wa kweli, LAKINI isipige kelele. Sitaki spoila, sitaki eksozi ya kuamsha watoto wa jirani, sitaki ofisini waanze kuulizana huyu hela katoa wapi. Nimeangalia Mark X, Crown Athlete na Nissan Fuga. Bajeti inaishia 35m mpaka imepata namba. Karibuni.

Fundi_Changombe
Mbukwa mkuu. Mark X itoe kwenye listi, sio gari mbaya ila haijifichi, trafiki akiiona kwa mbali ameshajua dereva ni kijana mwenye haraka. Halafu nyingi zilizopo ni za injini ya lita 2.5, ile 4GR-FSE, nguvu za farasi 203 mpaka 215 kutegemea toleo, yaani unabeba sura ya mbio bila mbio zenyewe. Na hiyo injini inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwahiyo hakuna petroli inayopita kwenye valvu za kuingiza hewa ikazisafisha, masizi yanajaa pole pole, sailensi (injini ikiwaka gari imesimama) inaanza kutetemeka, mtu anabadilisha plagi, anabadilisha koili, hela zinaisha na gari bado inatetemeka.

3.5 ni habari nyingine. Injini yake, 2GR-FSE, ina nozeli za petroli za aina mbili, za ndani ya silinda na za kwenye njia ya hewa, masizi hayapati nafasi kama kule. Tafuta Crown Athlete GRS204, ya 2008 mpaka 2012, farasi 315. Usidanganywe na Crown Royal Saloon, bodi ileile lakini yenyewe inaishia 3.0. Ikifika bandua maandishi ya nyuma, hapo zitabaki taa za duara tu na anayezielewa ni sisi mafundi. Kagua wotapampu mapema, huwa inavuja hiyo.

Binti_Manyoni
Mbona Fuga mmeiruka? Ninayo Y51, 370GT, mwaka wa tatu sasa. Injini 3.7, farasi 333, gia 7. Unasema hutaki kuonekana, basi sikiliza, pale sheli mtu ananiuliza dada hii Teana ya mwaka gani, namjibu ya zamani tu kaka yangu, naondoka zangu. Barabara ya Singida kupita lori ni kitendo cha kugusa tu, unashangaa liko nyuma.

Ila nisikufiche, wese inakunywa. Mjini na haya matuta napata kilometa 6 mpaka 7 kwa lita, safari ndefu inafika 10 nikiwa na adabu. Na spea Dodoma hamna, nilisubiri bushi za mbele wiki nzima zinatoka Dar kwa basi na zilizokuja hazikuwa zenyewe.

Mzee_wa_Bahi
Vijana mnahesabu farasi hamhesabu kodi. Gari ya zaidi ya cc 2000 ushuru wa bidhaa ni asilimia 10, na ikizidi miaka 10 kuna ule wa uchakavu asilimia 30 (miaka 8 mpaka 10 ni 15), bado ushuru wa forodha na VAT. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA weka modeli na mwaka KABLA hujatuma hata senti.

Na wewe ukichoka kusubiri meli ukashawishika kununua mkononi, fungua mlango wa dereva uangalie nguzo. Mimi nilichukua Crown Dar, dashibodi inasoma 68,000, safi inang'aa. Kufika nyumbani naosha, nakuta kibandiko cha Kijapani cha kubadilisha oili kimefifia, kimeandikwa 143,000. Nikampigia muuzaji, mpaka leo yuko kwenye kikao.

Mwana_Ilazo
Mzee pole sana, nimecheka ila nimeelewa. Nimeshapiga kikokotoo, Fuga ya 3.7 imenitoa jasho, Crown inaingia kwa kubanabana. Swali, kwa hiyo 315 nitakuwa nakimbia ngapi?

Fundi_Changombe
Hukimbii popote kaka 😂 za Japani zimefungiwa 180 na wewe hata huko usifike. Kibaigwa ni 50, tochi ipo, na faini ya elfu 30 haiulizi una farasi wangapi. Hizo farasi ni za pale Gairo, nafasi imepatikana, unakanyaga, unarudi upande wako, unapoa. Ukitaka zaidi ya hapo sio gari unatafuta, ni jambo lingine.

Mzee_wa_Bahi
Na iko chini. Njia za ndani Iyumbu huko mimi nilikwangua sampu (bakuli la oili chini ya injini) mara mbili mwezi mmoja.

Mwana_Ilazo
Basi ni GRS204. Mama watoto anataka nyeusi, nimemwambia kwa vumbi la Ilazo nyeusi itakuwa kahawia kabla ya saa nne asubuhi, tumekubaliana rangi ya fedha. Fundi, bamba la chuma la kukinga sampu unaweka bei gani?

Fundi_Changombe
Njoo nayo tutaelewana. Na hiyo IST usimuuzie mtu, kuna mteja hapa.