Chokaa haishiki udongo mweusi wa Kano: nimekosea wapi?

NyarAhero
Hamjambo wakuu. Nafanya shahada ya uzamili ya uhandisi wa udongo katika chuo kimoja huku Magharibi mwa Kenya. Utafiti wangu ni juu ya udongo mweusi wa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, ule ambao mafundi huuita blakikotoni. Nimezaliwa juu yake. Kwetu Ahero, kiangazi ardhi hupasuka mpaka kifaranga hutumbukia kwenye ufa. Mvua ikirudi ufa unajifunga, udongo unavimba, na ukuta wa jiko la mama unachanika kuanzia pembe ya dirisha hadi juu. Tumeuziba kwa saruji mara tatu na mara tatu umefunguka palepale. Ndiyo maana sikutaka mada nyingine.

Nachanganya udongo huo na chokaa asilimia 4, pamoja na majivu ya makapi ya miwa kutoka kiwanda cha sukari. Nashindilia, naacha ikomae siku 7, naloweka siku 4, kisha napima CBR, yaani kipimo cha asilimia cha uwezo wa udongo kubeba mzigo wa barabara. Udongo mtupu ulinipa 2. Mwezi Januari mchanganyiko ulinipa 19, nilifurahi sana. Juzi nimerudia uwiano uleule, udongo wa shimo lilelile: 5. Nikarudia tena: 4! Naambiwa huenda nilichanganya sampuli. Sikuchanganya. Nilichimba mwenyewe, mita moja na nusu chini, na kila gunia nililiandika kwa rangi. Tafadhali nisaidieni, muda unaniishia.

MzeeWaGreda
Binti yangu, sisi kazini tukikuta udongo huo tunautoa, tunajaza maramu. Katika mwongozo wa barabara wa Kenya wa 1987 huo ni daraja la S1, CBR 2 hadi 5, la chini kabisa. Lakini kuutoa na kuleta maramu kutoka mbali ni gharama, kwa hiyo kazi yako naiombea heri. Swali moja: ukishachanganya, unakaa muda gani kabla ya kushindilia? Ukichanganya leo na kushindilia kesho kutwa, nguvu nyingi imekwenda.

NyarAhero
Asante mzee. Nashindilia siku hiyohiyo, kabla ya saa nane. Hilo sijalibadilisha tangu mwanzo.

Maabara_Nakuru
Dada, pole. Kabla ya kulaumu udongo, niambie mfuko wa chokaa umewekwa wapi na ulifunguliwa lini.

Chokaa iliyozimwa kwa maji, kama hiyo ya mfukoni, hunyonya hewa ya ukaa kidogokidogo na kurudi kuwa jiwe la chokaa, lile lililochomwa tanuruni mwanzo. Kwa macho ni unga uleule mweupe. Lakini ule mfinyanzi unaovimba, montimorilonaiti, haupati tena kalsiamu ya kuutuliza, na silika ya majivu yako haina cha kushikana nayo. Unakuwa umechanganya udongo na vumbi la mawe.

Chukua kijiko cha chokaa chako, kidondoshee asidi hafifu. Ikichemka povu jingi, imekufa. Ipime chokaa peke yake, usipime mchanganyiko, maana udongo wa Kano mara nyingi una vijiwe vyeupe vya kalsiamu na vyenyewe vitatoa povu. Halafu ikoroge kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa, upime pH, yaani kiwango cha asidi au alikali. Chokaa iliyo hai hufika 12.4.

Hata asilimia 4 umeipata wapi? Kuna njia ya Eades na Grim ya 1966: gramu 25 za udongo mkavu, mililita 100 za maji, chokaa ya viwango tofauti, tikisa kwa saa moja. Kiwango kidogo kabisa cha chokaa kinachofikisha pH 12.4 ndicho unachoanzia.

Na majivu je, ni ya kijivu au meusi? Meusi yana mkaa ambao haukuungua. Yachome upya na uyachekeche kabla ya kuyaamini.

NyarAhero
Nimetoka maabara sasa hivi. Mfuko ulifunguliwa Januari, mdomo umefungwa kwa kamba ya katani, uko sakafuni chini ya dirisha. Nilipoudondoshea asidi ulifoka mpaka povu likamwagika mezani. pH ni 11 na kidogo. Mkono ulikuwa unatetemeka, si kwa uchungu, kwa kujua.

Majivu ni ya kijivu, niliyachoma upya. Ile asilimia 4 niliichukua tu kwenye tasnifu ya mtu mwingine. Je, ile 19 niifute?

Maabara_Nakuru
Usifute chochote. Ile 5 na ile 4 ziandike pia, na tarehe, na umri wa mfuko. Chokaa mpya igawanye kilo mojamoja kwenye mifuko ya nailoni, itoe hewa, ifunge, uiweke ndani ya ndoo yenye kifuniko. Kila asubuhi ya kazi fungua mmoja tu, upime pH kwanza.

NyarAhero
Sawa. Kesho napanda matatu ya Koru alfajiri kutafuta chokaa mpya. Ndoo ninayo.