Kishikwambi cha wino wa kielektroniki kwa maandishi ya utafiti shambani

Binti wa Kano: Hamjambo wanajamvi. Ninasomea shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Maseno, hapa Kenya, na utafiti wangu unawahusu wakulima wa mpunga wa Ahero. Mahojiano mengi hufanyika kwenye matuta ya mashamba, jua likiwa la utosi, na skrini ya kishikwambi changu cha kawaida haisomeki hata nikiiongezea mwangaza. Daftari nalo linanichosha wakati wa kutafuta alichosema mkulima fulani miezi iliyopita. Je, kifaa cha wino wa kielektroniki kitanifaa?

Mwalimu wa Njoro: Dada, kwa jua hilo kitakufaa sana. Skrini yake hutegemea mwanga unaoiangukia, kama karatasi. Ndani mna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi za chaji tofauti, na umeme huhitajika tu kuzisogeza, ndiyo maana maandishi hubaki yakionekana hata umeme usipopita, na betri hudumu siku nyingi. Mimi hutumia reMarkable 2, iliyotoka mwaka 2020, yenye skrini ya inchi 10.3 na uzito wa takriban gramu 400. Kalamu yake haihitaji kuchajiwa, ila ncha huchakaa kwa kusuguana na skrini, kwa hiyo agiza za akiba mapema. Haina taa, jambo ambalo utaliona usiku stima zikipotea. Kindle Scribe ya mwaka 2022, kifaa cha aina hiyohiyo kutoka Amazon, inayo taa.

Karani wa Kakamega: Nakubaliana na Mwalimu kuhusu jua, lakini maji ya mpunga yananitia wasiwasi zaidi. Vingi vya vifaa hivi havikuundwa kustahimili maji, na skrini ikipasuka si rahisi kupata fundi mwenye kipuri chake huku kwetu. Ukiagiza kutoka nje, hesabu pia kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 juu ya bei uliyoiona. Kubwa kuliko yote, dada, ni majina ya wakulima: maandishi yakihifadhiwa kwenye seva, yaani kompyuta za mbali, za kampuni ya kifaa, data za watu zimetoka mikononi mwako, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakugusa hata ukiwa mwanafunzi. Mpe kila mkulima nambari, kisha orodha ya majina uiweke kando, nje ya kifaa hicho.

Binti wa Kano: Nashukuru nyote, hilo la nambari nitalianza mara moja. Mwalimu, naweza kuchora ramani ya mifereji na kuiongezea maelezo msimu baada ya msimu?

Mwalimu wa Njoro: Unaweza. Ukurasa una matabaka, kama karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine: chora mifereji kwenye tabaka moja na maelezo ya kila msimu kwenye tabaka lake, ili ukifuta moja jingine lisiguswe. Kila jioni hamisha kurasa kwenye kompyuta zikiwa PDF. Ukitaka mashine igeuze mwandiko kuwa maandishi ya chapa, ijaribu kwanza kwa kurasa zenye Kiswahili na Dholuo pamoja, kabla hujaikabidhi mahojiano yote.