Natafuta kigari cha mizigo kilichotumika cha kubebea vyombo vya muziki, naombeni mwongozo

Sauti_Mtaani

Wakuu habari zenu,

Nakodisha vyombo vya muziki kwenye sherehe ndogo ndogo na mikutano. Mpaka sasa kila kazi ikitokea nakodi gari, na imefika mahali mwenye gari anapata kuliko mimi. Kinachonichosha zaidi ni saa. Sherehe inaisha usiku wa manane, dereva kashazima simu, mimi na vijana tumekaa juu ya spika tunasubiri kukuche.

Nataka kigari changu, kilichotumika, kidogo, kisichokula mafuta. Mzigo ni sabufa mbili za inchi 18, spika za juu mbili, amplifaya zikiwa kwenye kasha lake, mikza, stendi, kasha la nyaya, taa na jenereta. Tunakuwa watu watatu na mimi nikiwemo. Barabara ni mchanganyiko, lami na vumbi, na milima ipo.

Kichwani nina Suzuki Every, Toyota TownAce na Nissan NV200. Rafiki ananisukuma kwenye HiAce ya zamani kwa hela hiyo hiyo. Kuendesha najua, ufundi sijui. Nichukue kipi, na nikienda kukagua niangalie nini?

Spana14

Mkuu, kabla ya jina la gari tafuta mizani. Pima kila kitu, usikisie, maana watu wa muziki mnajua wati za spika zenu ila kilo hamzijui. Sabufa ya inchi 18 yenye kasha la mbao inaweza kufika kilo 45 au zaidi. Jenereta ya kuendesha mfumo kama wako inaweza kupita kilo 80.

Nasema hivyo kwa sababu ya hiyo Every. Vigari vya Kijapani vya cc 660 vimebanwa na sheria ya kwao: urefu mwisho mita 3.40, upana mita 1.48, mzigo mwisho kilo 350. Ukifungua viti vya nyuma watu wakae, kiwango cha mzigo kinashuka zaidi. Ni vigari vizuri sana kwa fundi umeme au mpeleka mikate, ila wewe una watu watatu na jenereta. Lete kilo kwanza, ndipo tuongee.

Kibubu_Cha_Chuma

Chukua HiAce mzee, achana na hivi vimkebe. Biashara inakua, kesho utaongeza spika ujute.

GiaYaNne

@Kibubu_Cha_Chuma hapo sikubaliani nawe. Jamaa kasema hela ni ile ile. Kwa hela ya TownAce yenye hali nzuri, HiAce atakayopata ni ile iliyobeba abiria miaka yote, ikachoka, ikapigwa rangi, ikaletwa sokoni. Injini yake ni kubwa zaidi, matairi yake ghali zaidi, shokabzoba ghali zaidi, na kuiegesha kwenye uchochoro wa ukumbi ni kazi nyingine. Gari kubwa bovu linakula faida kuliko hata huyo dereva anayemkodi sasa.

Na hiyo hoja ya "biashara inakua", ikikua si gari litakuwa limejilipa? Atauza, apande daraja.

Mama_Matenti

Mwanangu, mimi nakodisha matenti na viti, kwa hiyo habari ya kupakia naijua vizuri. Watu wengi wananunua gari la ile kazi moja kubwa ya mwaka, halafu siku nyingine zote wanasafirisha hewa. Nunua la mzigo wa kawaida. Ikija kazi kubwa, kodi lori siku hiyo na mteja alipe.

Jambo la pili ni mlango. Vijana wanaokwenda kutazama gari hupima urefu wa ndani, wakafurahi, kumbe sabufa haipiti mlangoni. Nenda na futi ya kupimia. Pima uwazi wa mlango wa nyuma, juu hadi chini na upande hadi upande. Kisha pima upana wa sakafu pale kati ya matumbo ya matairi ya nyuma, maana hapo ndipo gari linapobana. Pima na sakafu iko juu kiasi gani kutoka ardhini. Kuinua jenereta hadi gotini ni tofauti kabisa na kuiinua hadi kiunoni saa tisa usiku, mgongo utakuambia.

Angalia pia mlango wa nyuma unafungukaje. Wa kupanda juu unakufunika mvua ukiwa unashusha, lakini ukiegesha kwa kubana ukuta haufunguki. Ndiyo maana milango ya pembeni ya kuteleza ni mali. Iwe miwili, kulia na kushoto.

Spana14

Mama kamaliza. Kwa hapo NV200 ina alama: injini yake, petroli lita 1.6, iko mbele puani na inavuta matairi ya mbele, hakuna shafti inayopita chini kwenda nyuma, kwa hiyo sakafu iko chini. TownAce ya kuanzia 2008 ina injini ya lita 1.5 iliyolala chini ya viti vya mbele na inasukuma matairi ya nyuma, kwa hiyo sakafu iko juu kidogo.

Ila sikiliza upande wa pili. Umesema kuna milima na vumbi. Gari la kuvuta mbele ukilirundikia mzigo mzito kule nyuma kabisa, pua inakuwa nyepesi, na kwenye kilima chenye changarawe matairi yanazunguka bure. Dawa yake ni kupanga: jenereta na amplifaya ziwe mbele, zigusane na migongo ya viti, nyaya na stendi ndizo zikae mlangoni. La kusukuma nyuma linapanda vizuri likiwa na mzigo, lakini likiwa tupu kwenye matope linacheza ngoma.

Sauti_Mtaani

Shukrani Mama, shukrani wakuu. Nimekwenda kupima. Sabufa kilo 90 zote mbili, spika za juu 40, kasha la amplifaya 60, jenereta 85, kasha la nyaya 40, stendi na taa 30, mikza na kasha lake 15. Jumla kilo 360, bado watu.

GiaYaNne

Basi Every imejitoa yenyewe. Toyota Probox nayo ilikuwa inanijia kichwani, lakini ile ni kilo 400 ikiwa na watu wawili, na wewe una wa tatu na sabufa ndefu. Zimebaki TownAce na NV200, na hapo ningeacha kubishana majina. Kati ya hizo mbili chukua ile utakayoikuta na hali nzuri, yenye spea zinazopatikana kwa urahisi ulipo.

Angalizo moja ambalo madalali hawasemi: magari haya yana ndugu zake wa kubebea abiria. Kuna NV200 ya mizigo na kuna ya familia. Kuna TownAce ya mizigo na kuna TownAce Noah. Kwa nje yanafanana, ila la familia lina springi laini, zulia, na kiyoyozi cha nyuma kinachokula nafasi. Ukilipakia kilo 360 kila wikiendi linakaa kitako. Namba ya chesisi inasema ukweli. NV200 ya mizigo inaanza na VM20, ya familia ni M20 bila V. Hata Every iko hivyo, DA64V ni ya mizigo, DA64W ni ya abiria.

Mpita_Njia

Vipi kuhusu dizeli? Kangoo, Berlingo, Caddy, vile vigari vya mizigo vya Ulaya, zinasifiwa kwa kunywa kidogo.

Spana14

Zinanywa kidogo kweli, na kupakia ni raha. Lakini dizeli za miaka ya karibuni zina chujio la masizi kwenye eksozi, ambalo hujisafisha gari likitembea mwendo mrefu likiwa na joto la kutosha. Safari za jamaa ni fupi fupi, ukumbini na kurudi. Chujio litaziba, taa itawaka, na bili yake haifurahishi. Kwa mizunguko ya aina hiyo petroli ina amani zaidi.

Sasa ukaguzi. Fika asubuhi na mwambie muuzaji mapema asiliwashe. Injini ya baridi haina pa kujificha: kama inagoma kuwaka, inagonga, au inatoa moshi wa bluu, utaona hapo hapo. Kabla ya kuwasha fungua kifuniko cha oili. Ukikuta kitu cheupe kama maziwa mgando, maji yanaweza kuwa yameingia kwenye oili, na huenda gasketi ya silinda hedi imekwenda. Fungua na tangi la maji, yasiwe na kutu wala mafuta yanayoelea. Kwenye TownAce itabidi uinue kiti, na hilo lenyewe ni kipimo: kwa sababu injini haionekani, wengi hawaiangalii, wanaongeza petroli tu. Ukiinua kiti ukakuta vumbi la miaka na mabomba ya maji yaliyopasuka pasuka, umeshajua mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani.

Halafu lala chini na tochi. Kutu ya juu juu isikutishe, lakini gonga chesisi na kona za sakafu kwa kifundo cha kidole. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya kadibodi. Reli za milango ya kuteleza nazo zitazame. Kisha simama nyuma ya gari mita chache, kwenye sehemu tambarare. Likiwa tupu halafu limeinama upande mmoja, springi imechoka au imevunjika.

GiaYaNne

Ongeza matairi. Kwenye gari la mizigo watu hufunga matairi ya gari dogo kwa sababu ni rahisi. Soma ubavuni namba ya uzito, ile inayofuata baada ya saizi ya tairi. Namba 97 maana yake tairi moja inahimili kilo 730, namba 82 ni kilo 475 tu. Linganisha na bati lililobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Tarehe nayo ipo: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yakiwa yameliwa upande wa ndani tu, kuna kitu kwenye mguu au chesisi ilishapindishwa.

Kilomita za kwenye dashibodi usizitegemee sana, zinarudishwa. Tazama mpira wa pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Pedali iliyoliwa mpaka chuma na odomita inayosema elfu hamsini, hapo kuna mmoja anadanganya.

Mama_Matenti

Na usijaribu gari likiwa tupu! Muombe muuzaji, pakia vijana wako na hiyo jenereta, pandisha kilima. Klachi iliyochoka huwezi kuijua kwenye tambarare. Injini inapiga kelele, gari haliongezi mwendo, basi kwaheri.

Halafu mwanangu, ukishanunua, weka ukuta wa mbao au wavu wa chuma kati ya mzigo na viti, na mikanda ya kufungia. Breki ya ghafla, sabufa ya kilo 45 haikusubiri. Na dumu la petroli la jenereta lisikae humo ndani pamoja na watu.

Kibubu_Cha_Chuma

Sawa, HiAce nimeitoa. Ila asimalize hela yote kwenye kununua. Oili, plagi, breki, betri, pengine matairi manne, hayo yanakuja mwezi wa kwanza.

Sauti_Mtaani

Mmenisaidia sana. Nimepata TownAce ya mizigo, milango ya kuteleza miwili, na futi inasema sabufa zinapita zikilala. Muuzaji ananiambia nije mchana kwa sababu asubuhi gari linakuwa kazini. Hii ina shida?

Spana14

Mwambie utakwenda siku ambayo haliko kazini, hata kama ni wiki ijayo. Ukifika gusa bomba la eksozi kabla ya salamu. Likiwa la moto, limeshapashwa, ahirisha. Akikataa mara ya pili tafuta jingine, TownAce hazijaisha. Na ulizia funguo ziko ngapi, ukiona ni mmoja tu, soma jina kwenye kadi ya gari na namba ya chesisi mara mbili kabla hujatoa hata senti ya kushikia.