Mrejesho: dizeli iliyokuwa ikikosa nguvu mlimani

Wakuu, niliuliza kuhusu gari la dizeli linalokosa nguvu ghafla nikipanda kutoka Salgaa kwenda Mau Summit, kisha likipoa linawaka kama halina neno. Mashine ya kupima haikuonyesha kosa lolote. Wengi mlisema injekta, zile za kunyunyiza dizeli ndani ya injini, na bei yake mnaijua. Kumbe ni hewa kwenye njia ya mafuta! Fundi hapa Nakuru aliunga mpira mweupe unaoonyesha ndani kati ya filta ya dizeli na pampu ya injini, akakanyaga mafuta, mapovu hayo! Pampu ya mkono iliyo juu ya filta, ya kuvutia dizeli na kutoa hewa, ilikuwa na ufa. Dizeli haikuvuja kwa sababu upande huo dizeli hufyonzwa na pampu ya injini: ufa unaingiza hewa, hautoi mafuta. Tumebadilisha, tukatoa hewa, na Mau Summit linapanda na mzigo. Aliyetaja hewa, asante sana.