Naomba ushauri: mfungwa hasa ni nani?

KatibuWaKikundi:
Wakuu, nawasalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 28, na wiki ijayo tunamchagua mwenyekiti. Katiba yetu, ambayo tuliiandika wenyewe, inasema kuwa "mtu aliyewahi kuwa mfungwa hataruhusiwa kugombea uongozi." Mwanachama mmoja aliyechukua fomu aliwahi kufikishwa Mahakama ya Mwanzo na kukutwa na hatia. Naomba kueleweshwa tofauti kati ya mtuhumiwa, mshtakiwa, mhalifu na mfungwa, ili nitumie neno sahihi kwenye barua. Nina siku tatu sijalala vizuri kwa ajili ya jambo hili.

MzeeWaBusara:
Ndugu katibu, fedha za watu hazichezewi. Kiongozi anapaswa kuwa mtu ambaye hata jirani asiyempenda hana la kumsema. Mwondoeni, kikundi kibaki salama.

KaraniMstaafu:
Mzee wangu hapo juu, yeye ameuliza maana ya maneno. Nimefanya kazi ya ukarani wa mahakama kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu hilo. Mtuhumiwa ni yule anayeshukiwa na polisi. Akisomewa mashtaka mbele ya hakimu anakuwa mshtakiwa, na kama amenyimwa dhamana au amekosa wadhamini, anakaa rumande akiitwa mahabusu. Katika hatua zote hizo hana hatia, na Katiba ya nchi, ibara ya 13(6)(b), inakataza kumtendea kama mkosaji kabla haijathibitika. Akitiwa hatiani, jina lake litategemea adhabu aliyopewa, kwa sababu si kila aliyetiwa hatiani huwa mfungwa. Basi tueleze, alihukumiwa adhabu gani?

KatibuWaKikundi:
Ahsante sana, mkuu. Nadhani suala la adhabu si zito kiasi hicho. Kila mtu mtaani anajua kwamba alifungwa, na mimi mwenyewe nilimwona akishushwa kwenye karandinga.

MamaWawili:
Samahani, mdogo wangu, neno hilo la "kila mtu mtaani anajua" limenigusa. Mume wangu alikaa mahabusu miezi 14 kwa kosa ambalo hakulitenda, na mwishowe hakimu akamwachia huru kwa sababu upande wa mashtaka ulishindwa kuthibitisha. Karandinga alilipanda mara nyingi kuliko daladala, maana kila kesi ilipotajwa alipelekwa na kurudishwa. Hakuwahi kuwa mfungwa hata kwa siku moja, lakini hadi leo akipita dukani wapo wanaomwita hivyo, na binti yangu aliwahi kurudi kutoka shuleni akiniuliza kama baba ni mfungwa. Magereza wenyewe husema "wafungwa na mahabusu", makundi mawili, wala hawayachanganyi. Ninyi mnayachanganya kwa nini?

MwalimuWaKiswahili:
Dada, pole sana. Niongeze kidogo upande wa lugha. "Mfungwa" ni mtu aliyefungwa, yaani kitenzi "funga" katika kauli ya kutendwa, na ndiyo maana mtu wa kawaida akiona pingu tu hulitumia neno hilo. "Mahabusu" tumelipata kutoka Kiarabu. "Gereza" wanaisimu hulihusisha na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Marehemu baba yangu alikuwa akitusimulia juu ya sheria ya mwaka 1963 ya adhabu za chini kabisa, ambayo kwa makosa kama wizi wa mali ya umma iliongeza viboko 24 juu ya kifungo. Vilichapwa 12 siku ya kuingia na 12 siku ya kutoka, na wazee walisema vile vya mwisho ni vya kwenda kumwonyesha mke. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1972, lakini nadhani hofu ya neno "mfungwa" katika vijiji vyetu inatoka huko.

KaraniMstaafu:
Mwalimu, ahsante kwa historia. Katibu, nakuuliza mara ya pili: adhabu ilikuwa ipi?

KatibuWaKikundi:
Alihukumiwa kifungo cha miaka 2 kwa shambulio la kawaida, kwa kumpiga jirani yake ngumi.

Msomaji_Makini:
Hapa nina shaka, na nitaisema wazi. Mahakama ya Mwanzo kwa kawaida haina uwezo wa kutoa kifungo kinachozidi miezi 12. Kifungo cha miaka 2 kwa ngumi moja, kutoka mahakama hiyo, sikiamini. Ama kisa hiki kimetungwa, ama mleta uzi anamchafua mtu na anataka sisi tumpe maneno ya kumchafulia.

MzeeWaBusara:
Kama ni uongo, basi ninayaondoa maneno yangu. Siwezi kumhukumu mtu asiyekuwepo.

KatibuWaKikundi:
Sijatunga, wakuu. Ile miaka 2 niliambiwa na mtu, na hukumu yenyewe sikuisoma. Baadaye shemeji yake alinieleza kwamba alitakiwa kulipa faini au kwenda jela miezi 6, na ndugu zake wakalipa siku ileile. Niseme pia kwamba na mimi nimechukua fomu ya uenyekiti. Tangazo nimekwisha kulibandika kwenye mlango wa ofisi tangu Jumamosi, limeandikwa "mhalifu aliyefungwa". Lakini hatia ni hatia, na kulipa faini hakumfanyi kuwa mtu asiye na kosa. Sikuona neno jingine.

KaraniMstaafu:
Neno lingine lipo. Andika "alitiwa hatiani kwa shambulio la kawaida na kutozwa faini", kama hukumu inasema hivyo. Hakimu anaposema "faini au kifungo", aliyelipa faini amemaliza adhabu yake, na jela anaingia yule tu aliyeshindwa kulipa. Kwa hiyo kwa maneno ya katiba yenu wenyewe huyu hajawahi kuwa mfungwa, na fomu yake ni halali hadi mkutano utakapobadilisha kifungu hicho. Nenda mahakamani ukaombe nakala ya hukumu. Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikiandika kwa Kiswahili muda wote, kwa hiyo hutahitaji mtu wa kukutafsiria. Hilo tangazo ni kashfa, na anaweza kukufungulia madai. Tena, mgombea hawezi kumpima mpinzani wake. Mpe mtu mwingine kazi hiyo.

KatibuWaKikundi:
Nimekwenda kulibandua sasa hivi. Bado naamini kwamba mtu anayepiga watu hafai kushika funguo za sanduku letu, na nitalisema hilo mkutanoni. Jumatatu nitaiomba hukumu, na barua ataiandika mhasibu.

MamaWawili:
Tangu Jumamosi ni siku nne. Watoto wake wameliona?

KatibuWaKikundi:
Wanapita hapo kwenda shule. Mkubwa anajua kusoma.

MamaWawili:
Basi leo jioni nenda nyumbani kwao, kabla ya kwenda mahakamani.