Naomba ushauri: injini ya boti inachemsha ikifika raundi 3,000

Habari zenu wakuu. Nina boti ya kuvuta watu wanaoteleza majini kwa ski. Injini ni V8 ya petroli, lita 5.7, imefungwa ndani na inapozwa moja kwa moja kwa maji ya ziwa, haina rejeta. Thamostati (vali inayofunguka maji yakipata joto) ni ya nyuzi 71.

Ikinguruma bila mwendo geji inatulia 70–75. Nikipandisha hadi raundi 3,000, baada ya dakika chache inagusa 95, na nikipunguza mafuta inashuka haraka. Ndiyo maana nashuku maji hayatoshi, siyo gasketi ya silinda hedi. Oili ni safi, haina rangi ya maziwa, yaani haijachanganyika na maji.

Nimebadilisha impela (gurudumu lenye mapezi ndani ya pampu ya maji), ya zamani ilikuwa imekatika mapezi mawili. Kipande kimoja nimekikuta kwenye mdomo wa kipoza oili ya giaboksi, cha pili sijakiona mpaka sasa. Chujio la maji ni safi, na thamostati niliyoichemsha kwenye sufuria inafunguka vizuri. Geji nayo ni sahihi, nimeilinganisha na kipimajoto cha mkononi.

Kinachonichanganya: kiwiko cha ekzosi (kona ya bomba la moshi) cha kushoto kinaunguza mkono, cha kulia kinashikika kabisa.

1. Manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi wa silinda, nalo hupozwa kwa maji) ya upande mmoja ikiziba njia ya maji, inaweza kupandisha joto la injini nzima, au nitafute kizuizi kabla maji hayajagawanyika?
2. Nikifunga hozi angavu baada ya pampu nikaona mapovu, hewa inaingia kwenye hozi ya kunyonya tu, au hata mfuniko wa pampu uliolika unaweza kuivuta?